Ganda la Muwa la Luthuli

Laptopu iliyokuwa mezani ilikuwa na alama ya pauni juu ya tarakimu 3. Ukiona alama hiyo kwenye kibodi huna haja ya kuuliza mashine imetoka wapi. Kwenye kifuniko palikuwa na mstatili wa gundi, mahali ambapo kibandiko cha ofisi fulani ya Uingereza kilibanduliwa kwa ukucha, na vipande vya namba mbili tatu vikakataa kutoka. Fundi, kijana aliyechomeka bisibisi sikioni kama seremala na penseli yake, aliigeuza, akafungua kifuniko cha chini na kunionyesha matundu mawili ya RAM, kumbukumbu ya kompyuta inayohesabiwa kwa gigabaiti.

"Boss, hii ni ex-UK safi. EliteBook G3, i5. Iko na nane, tunakuwekea nane ingine, na SSD." Kisha, bila kuulizwa, akaongeza: "Lakini Windows 11 haitaki. Ukilazimisha itaingia, lakini ukirudi hapa na malalamiko, mimi sikujui."

Laptopu ilikuwa ya mpwa wangu, anayeanza chuo. Yeye alikuwa na swali moja tu. "Inacheza gemu?"

Fundi akacheka. "Gemu gani?"

Nimekuwa nikilitafakari swali hilo la fundi tangu siku ile nilipotoka Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme katikati ya Nairobi, na laptopu kwapani, na jibu nililofikia ni la ajabu kidogo. Kitu kilichoifaa mashine hiyo kuukuu kuliko kingine chochote katika miaka ya karibuni ni kifaa ambacho watengenezaji wake hawajawahi kukiuza rasmi Nairobi, wala popote barani Afrika. Kinaitwa Steam Deck.

Kwa asiyekijua, ni kompyuta kamili iliyobanwa ndani ya kitu kinachoshikwa kwa mikono miwili, skrini ya inchi 7 katikati, vijiti na vitufe pembeni. Valve, kampuni ya Marekani yenye duka la gemu la Steam tangu 2003, ilikitangaza Julai 2021 na wateja wa kwanza wakaanza kutumiwa vyao mwishoni mwa Februari 2022. Toleo la chini lilikuwa dola 399. Ndani mna chipu ya AMD, RAM ya gigabaiti 16, na mfumo wa uendeshaji ambao si Windows. Ni Linux, mfumo ulio wazi ambao yeyote anaweza kuutumia bure.

Mimi nilikishika mara ya kwanza binamu yangu alipokuja likizo kutoka ng'ambo. Alinikopesha kwa siku mbili, na siku ya kwanza nikafanya kosa la kukitoa ndani ya matatu ya Rongai nikiwa nimekaa dirishani, tumekwama kwenye jamu ya Lang'ata Road. Makanga akanitazama, akatazama dirisha, akanitazama tena. "Mkubwa, hiyo ficha. Hapa mbele wanachomoa simu ukiwa bado unaongea." Nikakirudisha mkobani kabla sijamaliza hata kufungua gemu. Simu unaweza kuifunika kwa kiganja kimoja na jicho lingine likabaki mlangoni. Hiki kina karibu gramu 670, kinataka mikono yote miwili na macho yote mawili. Kilibuniwa na mtu mwenye hakika kwamba akiinamisha kichwa kwenye treni kwa dakika arobaini, akikiinua atakuta kila kilicho chake bado ni chake.

Lakini dirisha la matatu ni kikwazo kidogo. Vifaa hivi vina dhana nyingine nzito zaidi: kwamba tayari una kompyuta nyumbani, na hiki ni cha pili, cha kitandani na cha safarini. Nairobi ninayoijua mimi ina mashine moja kwa kila kazi. Asubuhi inaandika CV, mchana inaingia eCitizen, Juni ikikaribia 30 inafaili ritani za KRA za nusu ya ukoo, jioni inaonyesha filamu, na gemu inapata zamu yake saa nne usiku wengine wakishalala. Mwambie mama yako akuongezee pesa ununue mashine ya pili, ya kuchezea tu. Toleo la Deck lenye skrini bora ya OLED lilipotoka Novemba 2023 lilikuwa dola 549. Kwa dola ya takriban shilingi 129 hiyo ni 70,000 na ushee, kabla ya nauli ya ndege, kabla ya VAT ya asilimia 16, na kabla ya yule aliyekuletea kutia faida yake. Kwa pesa hizo unanunua mashine kadhaa kama ya mpwa wangu, na chenji inakurudisha nyumbani.

Na bei haziteremki. ASUS waliingia na ROG Ally, kifaa cha aina hiyo hiyo, mwaka 2023 kwa dola 699. Oktoba 2025 wao na Microsoft wakatoa ROG Xbox Ally X kwa dola 999. Desemba mwaka huo huo Valve ikaacha kutengeneza Deck yake ya mwisho ya dola 399. Zamani konsoli ilishuka bei kadiri ilivyozeeka. Mwaka 2025 PS5 na Xbox zilipandishwa bei Marekani kwenyewe, miaka mitano baada ya kutoka. Kundi la vifaa lililoanza kwa sifa ya unafuu sasa linaomba bei ya laptopu mpya ya dukani. Siamini hata kidogo kwamba vitaenea hapa. Kifaa cha mkononi cha Nairobi tayari kipo, ni Tecno au Infinix iliyokopwa kwa malipo ya kila siku, na hatuna sababu ya kukionea aibu.

Basi Deck imeifaa vipi laptopu ya Luthuli?

Turudi nyuma hadi 2012. Microsoft ilikuwa inaleta Windows 8 yenye duka lake la programu ndani, na Gabe Newell, mkuu wa Valve, akaona moto unawaka mlangoni kwake. Ikiwa mwenye Windows atageuka mwenye duka, wewe unayeuza juu ya Windows unaishi nyumba ya kupanga kwa jirani mshindani. Newell akailaani Windows 8 hadharani na kampuni ikaanza kuhamia Linux. Jaribio la kwanza, zile kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machine za mwaka 2015, lilianguka vibaya. Gemu zilikuwa chache. Watengenezaji hawakuwa tayari kuandika upya kazi yao kwa ajili ya wateja wa kuhesabika.

Somo walilojifunza ndilo lililozaa jambo la maana: usimwombe mtengenezaji afanye chochote. Agosti 2018 wakatoa Proton, ambayo kazi yake ni ukalimani. Kama umewahi kuhudhuria mkutano wa injili Uhuru Park utaelewa haraka. Mhubiri mgeni anasema kwa Kiingereza, mkalimani anadaka sentensi kabla haijagusa ardhi na kuirusha kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile na ngumi ile ile hewani, na umati unaitikia kana kwamba hakuna mtu katikati. Gemu ya Windows inaomba kuchorewa picha kwa lugha ya DirectX, Proton inadaka ombi na kulitoa kwa lugha ya Vulkan ambayo Linux inaielewa. Mkalimani hodari hakucheleweshi. Wakati mwingine anaongea vizuri kuliko mhubiri.

Sehemu muhimu ya mkalimani huyo, DXVK, haikuanzia Valve. Ilianzishwa na Philip Rebohle, aliyetaka tu kuicheza gemu ya NieR: Automata kwenye Linux. Valve wakaona kazi yake, wakaanza kumlipa aendelee. Msimbo ukabaki wazi kwa yeyote kuuchukua, kama alivyouanzisha, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Deck ilihitaji maelfu ya gemu zifanye kazi bila Windows, kwa hiyo pesa ya Deck ililipia ukalimani, na ukalimani haukuulizi kama unaishi Bellevue, mji wa Valve kule Marekani, au Kayole. Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.

Sasa tazama jinsi ganda hili lilivyotuangukia mahali penyewe. Windows 10 iliachwa bila msaada tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea, ukiondoa vighairi vichache. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, ya mwaka 2016. Imekataliwa. ThinkPad T470 ni ya kizazi cha saba. Imekataliwa pia, huku mdogo wake T480, wa kizazi cha nane, akipita mlangoni kifua mbele. Microsoft waliwapa waliobaki nje mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama, kwa dola 30 au kwa kukubali mipangilio ya mashine yako ihifadhiwe kwenye akaunti yao.

Upande wa pili, DXVK tangu mwishoni mwa 2022 inadai Vulkan 1.3. Nilipolisoma hilo nilidhani sisi wa mitumba tumekwisha. Hapana. Draiva ya Intel ya Linux inatoa Vulkan 1.3 kwa kizazi hicho hicho cha sita. Yaani lipo kundi zima la mashine ambazo Microsoft inasema ni taka na Linux inasema bado zina kazi, na ofisi za Uingereza zinapozitupa, zinatua wapi? Tembea Luthuli uhesabu mwenyewe. Mashine za vizazi hivi viwili zimepangwa kwenye vioo kama mikate.

Nisiahidi mbingu. Kadi ya picha ya Intel HD 520 iliyomo ndani ya G3 ina kama robo ya nguvu ya ile ya Deck. Nilipomwekea mpwa wangu Linux jioni ile, gemu ya kwanza kujaribu ilikuwa Hades, ambayo haina toleo la Linux. Nilishusha picha hadi 720p, nikazima kila urembo unaozimika. Dakika ya kwanza ilikwamakwama kama pikipiki ya baridi, kisha ikatulia. Haikuwa laini, lakini ilichezeka, na feni ikalia mpaka dada yangu akauliza jikoni nani amewasha blenda. Gemu za magari na za vita vikubwa za mwaka huu sahau. Gemu za miaka kumi iliyopita, na zile ndogo zinazotengenezwa na watu wachache kwa upendo mwingi, unazo tele.

Lipo na jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko Proton ingawa ni gumu kulipima. Deck ilirudisha sakafu. Kabla yake, mahitaji ya chini ya gemu za kompyuta yalikuwa yanapanda kila msimu, na mtengenezaji hakuwa na sababu ya kumfikiria mwenye mashine dhaifu. Mwenye mashine dhaifu hakuwa na jina wala chama. Valve wakaanza kuzipima gemu na kuzibandika alama: hii imethibitishwa kwa Deck, hii inachezeka, hii haifai. Ghafla kukawa na mamilioni ya wateja wenye pesa zao, walioshika chipu ya wati 15 na skrini ya 1280 kwa 800, na ukiwapuuza unakosa alama. Studio zikaanza kujali tena ukubwa wa maandishi na kama gemu inakubali kushushwa hadhi bila kufa. Mtu wa Bellevue alipofunguliwa mlango, mtu wa Githurai akapita nyuma yake.

Rafiki yangu mmoja, anayetengeneza gemu za simu hapa jijini, alinisikiliza nikiyaeleza haya juu ya chai ya maziwa na mandazi, akanyamaza kidogo. "Wewe unasifia makombo," akasema. "Hawakupika kwa ajili yako. Siku wakibadilisha chakula, utakula nini?" Sina ubishi na sehemu ya kwanza. Ni makombo. Ila sehemu ya pili haiko sawa, kwa sababu msimbo ukishakuwa wazi haurudishwi sandukuni. Valve wakifunga duka kesho, mkalimani anabaki nasi. Ukitaka kujua makombo halisi yalivyo, tazama gemu ambayo seva yake inazimwa. Ubisoft walizima The Crew mwisho wa Machi 2024, na walioilipia wakabaki na picha kwenye orodha. Hasira hiyo ndiyo iliyozaa kampeni ya Stop Killing Games, ambayo Julai 2025 ilivuka saini milioni moja Ulaya. Saini zetu, kwa kweli, hazihesabiwi pale.

Lakini kuna tundu kwenye hoja yangu, na ni kubwa la kupitisha uwanja mzima wa Kasarani. Gemu ambayo Nairobi inaipenda kuliko zote ni ya mpira. EA Sports FC kwenye kompyuta inalindwa na programu ya kuzuia udanganyifu inayojichimbia hadi kwenye kiini cha Windows, na programu hiyo haikubali Linux. Mkalimani anafika mlangoni, askari anamwambia arudi. Kampuni hiyo hiyo, EA, iliwafungia nje wachezaji wa gemu ya Apex Legends walio kwenye Linux tarehe 31 Oktoba 2024, baada ya miaka ya kuwaruhusu, kwa maelezo kwamba matapeli wanajificha humo. Battlefield 6 iliyotoka Oktoba 2025 ni vivyo hivyo. Mwenye Deck akitaka FC, hana. Mwenye G3 akitaka FC, hana. Huu ndio usawa wa pekee niliouona kati ya wawili hao.

Sababu yao si ya kijinga. Anayeona umbo la adui kupitia ukuta anaharibu gemu ya watu wote waliomo. Ninachokikataa ni dawa yenyewe. Kampuni ya gemu inapodai ufunguo wa chumba cha ndani kabisa cha mashine yako, na mashine hiyo ndiyo yenye barua zako na nywila ya benki, hiyo ni bei kubwa kwa mechi ya dakika kumi na mbili. Mwenye kifaa cha pili cha kuchezea anaweza kuilipa bila kuumia. Sisi wa mashine moja ndio tunaotoa ufunguo wa nyumba nzima.

Kisha kuna duka lenyewe. Hapa nitakuwa mkali kidogo kwa Valve, ingawa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Fungua Steam ukiwa Nairobi na bei zinakuja kwa dola, zile zile anazoonyeshwa mtu wa Seattle. Hades ni dola 24.99, zaidi ya shilingi 3,200. Mhindi anaona rupia na bei iliyopunguzwa kulingana na kipato cha kwao. Mwafrika Kusini anaona randi. Novemba 2023 Valve walipoiondoa Uturuki na Argentina kwenye sarafu zao zilizokuwa zinaporomoka, walianzisha kanda mbili za dola zenye bei pendekezwa za chini, moja ya Amerika ya Kilatini na nyingine ya Mashariki ya Kati na Kaskazini mwa Afrika. Misri imo. Morocco imo. Sudan imo. Ukivuka mpaka kuja kusini, mpaka Nairobi, unakuwa Mmarekani kwa muujiza, angalau siku ya kulipa.

Ni kweli kwamba bei ya mwisho huwekwa na mtengenezaji, Valve hupendekeza tu. Lakini mtengenezaji wa Poland hawezi kutupunguzia kwenye kanda ambayo haipo. Kuianzisha hakuhitaji ofisi Westlands wala ghala Mombasa Road. Kunahitaji mstari mmoja kwenye jedwali.

Newell alipata kusema, zamani kidogo, kwamba uharamia wa gemu mara nyingi ni tatizo la huduma kuliko bei: mpe mtu huduma bora kuliko ya haramia na atalipa. Kwa Nairobi naona yuko sahihi nusu. Miaka ya nyuma ulikwenda na flashi yako kwenye kibanda cha muvi, ukachagua gemu kwenye orodha iliyochapwa, ukalipa, ukaondoka. Hiyo ilikuwa huduma, na nzuri! Muuzaji alikuonyesha jinsi ya kuiingiza, na ikigoma ulijua pa kumpata. Steam iliishinda huduma hiyo kwa masasisho na kwa kutokuambukiza virusi, na malipo yakawa rahisi zaidi baada ya Safaricom kuleta kadi pepe ya Visa ndani ya M-Pesa mwaka 2022. Sasa kilichobaki mbele ya kijana wa Umoja ni hiyo 3,200. Huduma ameshaipata, bei ndiyo inayomrudisha kibandani.

Na hata ukilipa, umelipia nini? Mei 2024 Sony walitangaza kwamba kila anayeicheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima aunganishe akaunti ya PlayStation Network. Mtandao huo haupo rasmi Kenya. Wenye PS hapa hujisajili kama wakazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, uongo mdogo ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeuliza. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177, yote yasiyo na mtandao huo. Watu walikuwa wameshanunua, wameshacheza miezi mitatu. Wachezaji duniani wakachachamaa na baada ya siku chache Sony wakarudi nyuma. Kilichoniuma si sharti lenyewe. Ni kugundua kwamba kwenye ramani yao mimi ni sehemu ya baki, ile inayoandikwa "kwingineko". Tangu Oktoba 2024 Steam yenyewe inakuandikia kwenye kikapu, kwa sababu ya sheria ya California, kwamba unanunua leseni na si gemu. Afadhali. Yule wa kibanda cha muvi hakuwahi kunidanganya kuhusu nilichokuwa nanunua.

Kabla sijamaliza, RAM. Yule fundi wa bisibisi sikioni alipotaja bei ya ile nane ya kuongeza, nilidhani ananipima. Nikaenda vibanda viwili zaidi. Wimbo ulikuwa mmoja. "Si mimi, boss, ni AI." Nilicheka, lakini ana haki. Kumbukumbu za kompyuta za dunia nzima zinatengenezwa hasa na kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, na viwanda vyao vimegeuzia uso kwa wajenzi wa vituo vya data vya akili mnemba, wanaolipa vizuri na kununua kwa mafungu yasiyo na mwisho. Desemba 2025 Micron wakatangaza kwamba wanaifunga Crucial, chapa iliyowauzia watu wa kawaida kwa karibu miaka thelathini. RAM mpya ikipanda, kuukuu inapanda nayo, kwa kuwa aliyekuwa anunue mpya amegeukia yako. Hivyo ndivyo uamuzi uliofanywa Idaho unavyomfikia mama anayemnunulia mtoto laptopu Luthuli.

Kibanda cha pili kati ya hivyo kiliniuzia kipande kwa bei ya chini kidogo, nikajiona mjanja. Nyumbani mashine ikawa inazima kila dakika ishirini. Nilipokirudisha, nikaambiwa nimekichoma mwenyewe. Fundi wa kwanza alinitazama nikirudi kwake kichwa chini, hakusema neno, akachomoa bisibisi sikioni.

Hivyo mpwa wangu ana gigabaiti 16, Linux na Hades niliyoinunua kwenye punguzo. Kwa jioni mbili aliishangaa. Jioni ya tatu akaja na lile swali nililokuwa nikilikwepa.

"Anko, FC inaingia?"

Nikamweleza habari za kiini na askari wa mlangoni. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniomba shilingi 40, za mechi mbili kwa kibanda cha PS pale nyuma ya stage. Saa mbili na nusu stima ikapotea mtaa mzima. Dakika tano baadaye alikuwa mlangoni, amekunja uso. Mechi ilikuwa dakika ya themanini, wao wanaongoza moja bila, na mwenye kibanda amekataa kurudisha pesa. Akavua viatu gizani, akapapasa mezani.

"Ile laptopu iko na chaji?"